Gari ya fowili inanguruma chini na hujui ni nini: pita hapa kabla hujanunua difu

Kuna sauti ilinisumbua karibu miezi mitatu. Nina hardtop, Land Cruiser ya zamani, nabebea viazi kutoka Kikondo kushuka Uyole huku Mbeya, siku moja ikaanza kunguruma kwa chini, ile nguuuuu ya mbali kama vile kuna lori linakuja nyuma yako, inaanza ukigusa 50, ikifika 65 imejaa mpaka kioo cha ndani kinatetemeka huoni vizuri nyuma, ukivuka 80 inapungua. Nikapeleka kwa fundi, akaendesha kidogo akasema difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, imekwisha. Nikapeleka kwa mwingine, naye difu ya nyuma. Basi nikatafuta difu ya mtumba, hela ya mzigo mzima wa viazi ikaenda, ikafungwa, nikatoka barabarani, nguuuuu. Ileile.

Difu haikuwa na kosa lolote. Nitafika kwenye kosa lenyewe, ila naandika haya kwa sababu naona watu wengi huku kwetu wanapita njia hiyohiyo, sauti inatoka chini, fundi anainama, anasema difu, mwenye gari anatoa hela. Chesisi ni chuma kirefu na inabeba sauti vibaya sana, kitu kikilia karibu na giaboksi unaweza kuapa kinatoka chini ya siti ya nyuma. Sikio peke yake lisikutume dukani.

Ilianza lini?

Kabla hujalala chini ya gari kaa ukumbuke vizuri. Ilianza baada ya kuvuka maji? Baada ya kubadilisha tairi? Kuna siku ulikwama matopeni ukakanyaga mafuta kwa hasira mpaka gari ikaruka? Kuna fundi alifungua kitu wiki iliyopita, hata kama kitu hicho unaona hakihusiani? Sauti nyingi za ajabu zinaanza siku mbili tatu baada ya gari kufunguliwa, sasa ukienda kwa fundi mpya humwambii, maana unajiuliza klachi na ngurumo ya nyuma wapi na wapi. Mwambie tu, mwambie yote, yeye ndio ataamua lipi linahusika.

Halafu tafuta sauti inafuata nini. Inafuata mwendo wa gari, au inafuata mzunguko wa injini, au inafuata mguu wako kwenye mafuta, au inafuata stelingi? Hapo ndipo kazi yote ilipo. Simamisha gari, pandisha injini resi ikiwa nyutro. Ikilia hapohapo imesimama basi achana na difu na propela (ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu) kabisa maana hazizunguki, angalia injini, ekzosi inayogusa chesisi, au giaboksi. Na giaboksi ina dalili yake nzuri sana: injini inaunguruma gari ipo nyutro, hujagusa klachi, unasikia kama mchanga unasagwa, ukikanyaga klachi sauti inakufa, hiyo ni beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi. Ikiwa kinyume, kimya kabisa mpaka ukanyage klachi ndio inalia, hiyo ni beringi ya klachi.

Kama inalia ukitembea tu, tafuta lami tambarare isiyo na magari mengi, mimi napenda kipande cha kati ya Igurusi na Chimala maana kule Usangu ni kunyooka tu. Fika mwendo ambao sauti ipo, weka nyutro, sikiliza. Usifanye hivi kwenye mteremko wowote, nakuomba, barabara zetu zimeshaua watu wa kutosha kwa nyutro. Sauti ikibaki vilevile bila kubadilika ni kitu kinachozunguka na gari bila kujali mzigo: tairi, beringi za tairi, wakati mwingine propela. Ikibadilika au ikafa pale unapoachia mafuta, basi kuna meno au beringi inayolia ikibebeshwa nguvu, hapo ndio unaanza kuifikiria difu au transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma.

Hesabu mapigo

Hiki kipimo hakina gharama na sijui kwa nini watu hawakitumii. Chukua tairi ya 235/85 R16 ambayo ipo kwenye hardtop nyingi, mzunguko wake ni kama mita 2.5. Ukitembea 10 kwa saa tairi inazunguka mara moja na kidogo kwa sekunde. Lakini propela inazunguka zaidi, kwa sababu difu kazi yake ni kupunguza, Land Cruiser nyingi za toleo la 70 difu ni 4.1, yaani tairi ikizunguka mara moja propela imezunguka mara nne na kidogo. Defender za zamani ni 3.54. Kwa hiyo tafuta sehemu tulivu, ikiwa na ukuta mrefu pembeni ni bora zaidi maana ukuta unakurudishia sauti, shusha vioo, tembea polepole hiyo 10, uhesabu.

Tak... tak... tak... pigo moja kwa sekunde hivi, hicho kinazunguka na tairi. Inaweza kuwa tairi yenyewe imevimba, beringi, diski, kajiwe kamenasa kati ya diski na lile bati lake, au kraunwili, ile gia kubwa ya difu, maana na yenyewe inazunguka sawa na tairi. Takatakatak, mara nne tano kwa sekunde, hiyo ni propela au pinioni, ile gia ndogo ya difu inayozungushwa na propela. Kwa dakika tano umeshagawanya gari nusu kwa nusu.

Mambo madogo, yapite haraka

Tope kwanza. Ukitoka Makete msimu wa mvua rimu kwa ndani zinajaa tope, likikauka upande mmoja gari inatetemeka kuanzia 60 kwenda juu utafikiri shafti imepinda, na nimeona mtu anapelekwa kufanyiwa balansi wakati alihitaji ndoo ya maji na kijiti. Osha rimu kwa ndani kabla ya yote. Tairi za tope nazo zikianza kulika kwa mawimbi zinavuma kama beringi mbovu, ila zinabadilika lami inapobadilika, ukitoka lami chakavu ukaingia mpya sauti inabadilika palepale, beringi haifanyi hivyo. Hamisha za mbele ziende nyuma, sauti ikihama nazo umemaliza.

Yubolti za springi zikilegea ekseli inasogea, unasikia dung ukianza kuondoka na dung ukifunga breki. Zikaze, mara nyingi ni hizo tu.

Beringi ya tairi

Hii inavuma na mwendo, inapanda na mwendo, haijali mguu wako kwenye mafuta. Dalili yake kubwa ni stelingi. Ukikata kulia uzito unaenda kushoto, sauti ikizidi hapo mtuhumiwa ni beringi ya kushoto, na kinyume chake. Baada ya safari shika habu zote nne, pale katikati ya tairi, kwa mkono, kwa uangalifu, iliyo mbovu mara nyingi ni ya moto kuliko wenzake. Halafu piga jeki, shika tairi juu na chini, tikisa. Ikicheza mwambie mtu akanyage breki huku wewe unaendelea kutikisa, mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki ni kingpini au boljointi, vile viungo vinavyogeuza tairi ukikata stelingi.

Hapo kwenye jeki nasisitiza kitu kimoja kwa wenye Defender za zamani. Hendibreki yake haishiki tairi, inashika pale nyuma ya transfa, kwa hiyo ukiinua tairi moja ya nyuma difu inaruhusu ile iliyo hewani izunguke na gari inaweza kutembea ikakuangukia hata kama hendibreki umevuta mpaka mwisho. Weka magogo au mawe pande zote mbili za tairi zilizo chini, na stendi chini ya ekseli, kila mara.

Krosi na propela

Krosi, kile kiungo cha msalaba kwenye ncha za propela, ina vikombe vinne na ndani ya kila kimoja kuna beringi za sindano. Grisi ikiisha inaanza kwa kulia kama ndege, kwi kwi kwi kwi, mwendo mdogo tu, asubuhi hasa, na ukikimbia husikii tena, kwa hiyo watu wanaipuuza. Angalia vikombe, ukiona unga mwekundu wa kutu unatoka kwenye ukingo wake hiyo krosi inakufa. Baadaye inaanza kugonga, ngo! ukitoa gia ya mbele ukaweka rivasi. Funga tairi kwa magogo, weka nyutro, shika propela kwa mikono miwili uizungushe huku na huku ukitazama krosi yenyewe, kikombe hakitakiwi kucheza hata kidogo ndani ya masikio yake, yale matundu ya chuma yanayokishika. Usichanganye na mchezo wa difu, propela kuzunguka kidogo na kugonga meno ya difu ni kawaida, krosi kucheza sio kawaida.

Pale propela inapoingia ndani ya mwenzake, yale meno ya kuteleza, pakikauka unasikia dung moja sekunde chache baada ya kusimama, au ukiondoka kwenye taa. Piga grisi, lakini usijaze mpaka basi, grisi ikijaa kule ndani shafti inakosa pa kuingia springi zinapolala, inasukuma beringi za transfa na pinioni.

Difu, sasa

Difu kweli huwa zinakufa, sisemi hazifi. Sauti yake inafuata mguu. Ziiiiii ukikanyaga mafuta, ukiachia inanyamaza, hapo meno ya kraunwili na pinioni hayakutani vizuri upande wa kusukuma. Kimya ukikanyaga, inalia ukiachia, mfano unashuka mlima Kitonga au zile kona 57 za Matamba kuja Chimala gari inajizuia na injini, hapo mara nyingi pinioni imelegea au beringi zake zimekwisha. Ikinguruma muda wote ni beringi. Ikigonga kwenye kona tu, mstari mnyoofu kimya, angalia zile gia ndogo za katikati.

Kuna kosa moja ninaliona sana. Sili ya pinioni inavuja, fundi anafungua nati, anabadilisha sili, anakaza nati kwa nguvu zake zote. Kwenye difu nyingi ndani kuna bomba fupi la chuma linalobonyea kati ya beringi mbili za pinioni, ndilo linaloweka mkazo, ukikaza kupita kiasi limebonyea zaidi na beringi zinabanwa mpaka zinaungua, ukikaza pungufu pinioni inacheza na difu iliyokuwa kimya inaanza kulia. Kama sauti yako ilianza baada ya kubadilisha sili anza kutafuta hapo.

Na mafuta. Fungua bolti ya kujazia kwanza, ya juu, kabla ya kumwaga, maana ikigoma kufunguka na umeshamwaga utarudije nyumbani? Mafuta yakiwa kama chai ya maziwa maji yameingia. Huku kwetu hii ni ya kila msimu: difu imepata moto njiani, unaingia mtoni, inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na kama kale kapumulio ka juu ya ekseli kameziba kwa tope inavuta maji kupitia sili. Zibua kapumulio, au vuta mpira wake ukaufunge juu karibu na injini. Kwenye sumaku ya bolti ya kumwagia uji mwembamba wa kijivu ni kawaida, vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole sio kawaida. Difu nyingi zinataka mafuta yaliyoandikwa GL-5, 80W-90, ila usichukue hiyohiyo ukajaza giaboksi ya gia za mkono iliyoandikiwa GL-4, dawa iliyo ndani ya GL-5 inaweza kula zile ringi za shaba.

Ukinunua difu ya mtumba hesabu namba yake kabla ya kulipa. Ikiwa tayari ndani ya gari inua tairi moja, lizungushe mara mbili kamili huku lingine lipo chini limetulia, hesabu propela imezunguka mara ngapi, ikiwa nne na kidogo hiyo ni 4.1. Nyuma ikiwa 3.7 na mbele 4.1 siku utakayoweka 4H, yaani tairi zote nne zivute, gari itajipiga yenyewe.

Kutenga mbele na nyuma

Kama una habu za mbele za kufungwa kwa mkono, zenye maandishi FREE na LOCK, una zawadi. Weka FREE, weka 2H (nyuma tu ndio inavuta), endesha. Difu ya mbele, propela ya mbele na ekseli za mbele vyote vimelala. Sauti ikiisha ipo mbele. Sauti ya taktaktak inayokuja ukikata stelingi mpaka mwisho huku mbele kumeunganishwa ni siviijointi, kile kiungo cha ekseli kwenye tairi la mbele, hiyo haina mjadala.

Usipime 4H kwenye lami kavu kwa gari zisizo na difu ya katikati (ile inayoruhusu mbele na nyuma kupishana mwendo), kama hardtop na Hilux nyingi. Kwenye kona tairi za mbele zinatembea umbali mrefu kuliko za nyuma, transfa imezifunga pamoja, chuma kinajinyonga, ghafla tairi linateleza na unasikia mlio unafikiri kitu kimekatika. Nimeshaona madereva wanaweka 4H Kitonga kwa sababu kuna manyunyu, halafu wanalalamika transfa inagonga na mkono wake wa gia hautoki. Rudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha, utatoka. Prado nyingi na Defender zina difu ya katikati, hizo zinaruhusiwa muda wote mradi usiwe umeifunga.

Kama sauti haikuisha kwa FREE, na hili ndilo lingeniokoa mimi, toa propela ya nyuma kabisa. Bolti nne huku na nne kule. Chora mstari wa rangi kwanza kwenye flanji zote mbili na pale kwenye meno ya kuteleza ili irudi ilivyokuwa. Funga habu za mbele, weka 4H, sasa gari inavutwa na mbele tu, nenda polepole sehemu iliyonyooka. Wenye gari za difu ya katikati lazima muifunge, la sivyo gari haitatembea, na wa Defender mkumbuke mkiifungua tena difu hiyo hendibreki hapo haina kazi. Sasa fikiria hivi: tairi za nyuma bado zinazungusha difu ya nyuma, ila haina mzigo na propela haipo. Ngurumo ikibaki ni beringi za difu au za tairi. Ikifa, ni propela, au ni difu inayolia ikibeba mzigo tu, na hiyo ya pili utakuwa umeshaijua kwa kipimo cha mguu.

Yangu ilikufa. Alionielekeza kufanya hivyo ni mzee mmoja fundi wa siku nyingi pale Uyole, nilimfikia nikiwa nimeshachoka. Hakuendesha hata gari. Akaniuliza, "Kijana, hii propela nani aliifungua mara ya mwisho?" Nikamwambia, mzee, propela haijawahi kuwa na shida. Akarudia swali lilelile. Ndio nikakumbuka: ilitolewa gereji moja wakati wanashusha giaboksi kubadilisha klachi, na ngurumo ilianza wiki hiyohiyo.

Akanionyesha. Krosi haizungushi sawasawa, shafti ikiwa na pembe upande wa pili unaharakisha na kupunguza mara mbili kila mzunguko, na krosi ya upande mwingine ndiyo inafuta hilo kosa, mradi masikio ya mbele na masikio ya nyuma ya shafti yamelala kwenye mstari mmoja. Yangu yalikuwa yamepishana kidogo, meno mawili tu, mtu aliirudisha bila alama. Ukipiga hesabu, kwa 60 propela inazunguka kama mara 27 kwa sekunde, mara mbili ni 54, hiyo sikio halisikii tena kama mapigo, linasikia ngurumo moja, nguuuuu, kama beringi. Angalia tu kwamba kuna gari ambazo propela ya mbele inatoka kiwandani masikio yakiwa yamepishana kwa makusudi, ndio maana alama ya rangi ni muhimu kuliko kukisia kwa macho. Kama masikio yapo sawa na bado inatetemeka tafuta kale kapande kadogo ka bati ka uzito kalikochomelewa kwenye bomba la shafti, likidondoka linaacha alama ya welding, na shafti inahitaji balansi.

Tukavuta, tukageuza meno mawili, tukarudisha, tukafunga bolti nane. Nikaenda mpaka Igurusi na kurudi, 65, kimya, nasikia upepo wa dirishani tu. Kesho yake nikapanda Kikondo kwa mzigo, na niliporudi nikalala chini nikazikaza tena zile bolti nane zikiwa zimeshajipata, mbili zilikubali robo mzunguko.